Maisha ya mchezaji wa kimataifa wa vitara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya kijana anayejiuliza kama vitara, yaani mchezo wa kupambana kwa panga, vinaweza kuwa kazi, ya mzazi aliyeona bei ya barakoa akashika kiuno, na ya shabiki aliyetazama mpambano wa Olimpiki mwanzo hadi mwisho asijue nani kashinda. Urefu wake haulingani. Maswali ya viwango na ya pesa yamejibiwa kwa kirefu kwa sababu vipaji vingi hufia huko, si kwenye pisti, ule ukanda wa kuchezea.

Vitara ni mchezo mmoja au ni michezo mitatu?

Kwa sheria ni mmoja, kwa maisha ya mchezaji ni mitatu. Kuna foili, epee na seba, na kila silaha ina mashindano yake, orodha yake ya viwango na mabingwa wake. Kwenye foili unapata pointi kwa ncha tu na shabaha ni kiwiliwili. Epee nayo ni ya ncha, lakini mwili mzima ni shabaha, kuanzia barakoa hadi kidole cha mguu. Seba inaruhusu kuchoma na kukata, na shabaha ni kuanzia kiunoni kwenda juu, kichwa na mikono ikiwemo, isipokuwa viganja. Uzito wa foili na seba haufiki gramu 500. Epee ni nzito zaidi, lakini nayo haifiki gramu 770.

Kuna tofauti nyingine ambayo mgeni haioni kwa macho. Foili na seba zina kanuni ya haki ya shambulizi: taa za wote wawili (huwashwa kwa umeme silaha ikigusa) zikiwaka, refa huamua nani alikuwa anashambulia, maana aliyeshambuliwa alitakiwa kukinga kwanza ndipo ajibu. Epee haina mambo hayo. Aliyegusa kwanza amepata, na wakigusana kwa pamoja, ndani ya takriban sehemu moja ya 25 ya sekunde, wote wawili wanapata. Ndiyo maana wachezaji wa epee huviziana muda mrefu, ilhali mpambano wa seba unaweza kwisha hujakaa vizuri kwenye kiti.

Zamani ilikuwa kawaida kuchanganya. Edoardo Mangiarotti wa Italia alikusanya medali 13 za Olimpiki kati ya 1936 na 1960 kwa foili na epee. Leo ratiba na ushindani haviruhusu, na anayetaka kufika juu hubaki na silaha moja.

Nichague silaha ipi?

Ile ambayo kocha mzuri aliye karibu nawe anaifundisha. Watu husema seba ni ya wenye hasira na epee ni ya wenye subira, lakini tabia hiyo mara nyingi hujengwa na mazoezi yenyewe. Mji mdogo wa Jesi nchini Italia umetoa mabingwa wa Olimpiki wa foili kadhaa, wakiwemo Giovanna Trillini, Valentina Vezzali na Elisa Di Francisca, wote kutoka klabu moja iliyoanzishwa na kocha Ezio Triccoli. Watoto wa mji huo hawakuzaliwa na damu ya foili. Walimkuta mwalimu.

Nianze na umri gani, na nitacheza hadi lini?

Wengi wa walio juu walianza wakiwa wadogo, shule ya msingi. Mashindano ya Shirikisho la Kimataifa la Vitara (FIE) yanaanzia miaka 13. Kuna ngazi ya kadeti kwa walio chini ya miaka 17, ya vijana kwa walio chini ya 20, kisha wakubwa. Aliyeanza akiwa na miaka 15 au 16 hajachelewa kabisa, hasa kwenye epee, ila atakuwa anajifunza kutembea pisti wakati wenzake wanajifunza kusoma mawazo ya mpinzani.

Upande wa pili ndio unaoshangaza. Aladár Gerevich wa Hungaria alishinda dhahabu ya timu ya seba katika Olimpiki 6, kuanzia 1932 hadi 1960, na ile ya mwisho aliipata akiwa na miaka 50. Vezzali alikuwa na miaka 38 alipotwaa dhahabu ya timu London 2012. Kasi ya miguu hupungua, lakini kujua lini mpinzani atakuja ni mali inayozidi kuongezeka.

Siku ya mashindano ikoje?

Ni kungoja kwingi na kuchemka kwa muda mfupi. Kwanza vifaa hukaguliwa: barakoa, nyaya, jaketi la umeme kwa foili na seba. Vilivyofaulu hugongwa muhuri. Nguo za mashindano haya lazima zistahimili nguvu ya nyutoni 800, na kitambaa kinacholinda shingo chini ya barakoa nyutoni 1600.

Kisha hatua ya makundi. Kwenye Kombe la Dunia, 16 bora wa orodha ya dunia hawachezi makundi. Wanasubiri siku ya pili wakiwa wamelala vizuri. Wengine wote hupangwa watu 6 au 7 kwa kundi, kila mmoja anapambana na kila mmoja, pointi 5 ndani ya dakika 3. Ni mfupi kiasi kwamba ukianza na usingizi umeshafungwa 3–0. Matokeo ya makundi ndiyo yanayopanga nani anakutana na nani kwenye mtoano, kwa hiyo hata mpambano uliokwisha kushindwa una thamani: kupoteza 5–4 si sawa na kupoteza 5–1.

Mtoano ni pointi 15, vipindi 3 vya dakika 3, na mapumziko ya dakika moja katikati. Seba haihitaji saa kiasi hicho. Mapumziko huja mmoja akifika pointi 8.

Kabla ya mpambano wa epee, refa huchukua silaha yako, anaisimamisha na kuweka kipande cha chuma cha gramu 750 juu ya ncha. Springi ikikosa nguvu ya kukiinua, taa inabaki inawaka na silaha haifai. Unapewa kadi ya njano na kuchukua nyingine uliyokuja nayo, maana unatakiwa kufika pistini na silaha angalau mbili na nyaya mbili za mwilini, zote zikiwa nzima. Ukaguzi huu si urasimu mtupu. Mwaka 1976 mjini Montreal, Boris Onishchenko wa Umoja wa Kisovyeti, aliyekuwa akishindana kwenye pentathloni ya kisasa, alikamatwa na epee iliyofichwa swichi ndani ya mpini, akiwasha taa bila kumgusa mtu. Alifukuzwa mashindanoni.

Jambo dogo linalowaumiza wageni: ukiitwa pistini mara tatu, kwa tofauti ya dakika moja moja, na hujatokea, safari yako imeishia hapo. Nenda chooni mapema.

Je, ni kweli mtu anaweza kuondolewa ndani ya sekunde moja?

Kweli, na mfano maarufu uko London 2012. Shin A-lam wa Korea Kusini alikuwa nusu fainali ya epee dhidi ya Britta Heidemann wa Ujerumani, sare 5–5 katika dakika ya nyongeza. Muda ukiisha wakiwa sare, kura ya bahati hupigwa kabla ya dakika hiyo ya ziada, na aliyeshinda kura ndiye mshindi kama hakuna atakayegusa. Shin ndiye aliyekuwa na kura. Saa ikabaki inaonyesha sekunde 1 huku wakianza upya tena na tena, mpaka Heidemann akagusa. Wakorea wakakata rufaa. Kwa kuwa kuondoka pistini kungechukuliwa kama kukubali matokeo, Shin alikaa pale pale kwenye ukanda, analia mbele ya ukumbi mzima, karibu saa nzima. Rufaa ikakataliwa. Siku chache baadaye alipata medali ya fedha na timu yake.

Viwango vya dunia vinahesabiwaje, na kwa nini kila mchezaji anavizungumzia?

Kwa sababu viwango ndivyo mshahara, ratiba na usingizi wake. Mshindi wa Kombe la Dunia anapata pointi 32, wa pili 26, waliotolewa nusu fainali 20 kila mmoja, robo fainali 14, na kuendelea kushuka hadi pointi chache kwa aliyeishia 64 bora. Mashindano ya Grand Prix yanazidishwa kwa 1.5, kwa hiyo mshindi anaondoka na 48. Ubingwa wa dunia kwa 2.5, yaani 80. Mashindano madogo ya satelaiti yanampa mshindi pointi 4 tu, lakini kwa anayeanzia sifuri hizo ni nyingi.

Pointi hazikai milele. Shindano lile lile likirudi mwaka unaofuata, pointi ulizopata mwaka jana zinafutika na mpya zinaingia. Wachezaji huita kutetea pointi. Ukivunjika kifundo cha mguu na kukosa miezi minne, orodha haikuonei huruma: unashuka, unarudi kwenye makundi na walio nje ya 16 bora, unachoka siku ya kwanza, na siku ya pili unapangiwa bingwa wa dunia asubuhi na mapema. Walio juu wanapata njia laini zaidi kwa sababu wako juu. Ukiuliza mchezaji wa kiwango cha 20 anataka nini msimu huu, atakutajia 16 bora kabla ya medali, na ana haki.

Kufika Olimpiki kunahitaji nini?

Paris 2024 ilikuwa na nafasi 212 za wachezaji wa vitara kwa dunia nzima, zikigawanywa kwa mashindano 12: silaha 3, wanaume na wanawake, mmoja mmoja na timu. Kwa kila silaha, wanaume peke yao na wanawake peke yao, timu 8 zilifuzu, na kila timu iliingiza wachezaji 3 kwenye mashindano ya mmoja mmoja. Hapo nafasi 24 zimekwisha. Zilizobaki kwa asiye na timu ni 10: sita kwa orodha ya dunia kwa kanda (Ulaya 2, Asia na Oseania 2, Amerika 1, Afrika 1) na nne kwa mashindano ya mchujo, moja kwa kila kanda. Wenyeji Ufaransa waliongezewa 8 za kugawanya watakavyo.

Hesabu hiyo inaeleza mengi. Mchezaji wa nchi yenye timu imara anaweza kuwa wa 12 duniani akabaki nyumbani kwa kuwa wenzake watatu wako juu yake. Mchezaji wa nchi isiyo na timu anaweza kufuzu kwa siku moja nzuri ya mchujo. Alexandra Ndolo alifuzu kwa njia hiyo ya mwisho: alishinda mchujo wa Afrika wa epee mjini Algiers mwaka 2024 na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza vitara kwenye Olimpiki.

Kuna Mwafrika aliyewahi kupata medali ya Olimpiki?

Wapo. Alaaeldin Abouelkassem wa Misri alifungua njia kwa fedha ya foili London 2012. Ines Boubakri wa Tunisia akafuata na shaba ya foili Rio 2016. Paris 2024 Farès Ferjani wa Tunisia alichukua fedha ya seba, na Mohamed Elsayed wa Misri shaba ya epee. Dhahabu bado.

Mchezaji wa vitara analipwa?

Ukimaanisha zawadi za ushindi kama kwenye tenisi, sahau. Hata mshindi wa Kombe la Dunia hawezi kupanga maisha kwa zawadi. Pesa inatoka pembeni, na nchi zinazotawala mchezo huu ni zile zilizotatua suala hilo mapema.

Italia imewaajiri wachezaji kwenye vyombo vya dola: polisi, jeshi la anga, polisi wa fedha, na karabinieri ambao ni polisi wa kijeshi. Vezzali mwenyewe alikuwa askari polisi wa kikosi cha michezo. Ujerumani ina utaratibu kama huo jeshini. Korea Kusini ina timu za kampuni na za halmashauri za miji zinazolipa mishahara, na juu yake medali yoyote ya Olimpiki humwondolea mwanamume wajibu wa huduma ya kawaida ya jeshi, kishawishi ambacho hakuna bonasi inayokifikia. Marekani hakuna ajira ya namna hiyo. Huko klabu ni biashara, wazazi hulipa, na vyuo vikuu kadhaa hutoa ufadhili wa masomo kwa wachezaji.

Aliye nje ya mifumo hii anajilipia, au anasaidiwa na kamati ya Olimpiki ya nchi yake, mdhamini mmoja na jamaa. Kwa msimu wa kawaida, Kombe la Dunia na Grand Prix ni kama safari 8, kisha ubingwa wa kanda na wa dunia. Kila safari ina tiketi, hoteli, ada ya kushiriki na viza, na ukitaka kocha akae nyuma yako, zidisha kwa mbili. Mabapa, yaani vyuma virefu vya panga, huvunjika kama kawaida ya kazi. Wengi hufundisha watoto jioni ili kulipia mashindano ya mwisho wa wiki, na hakuna aibu. Tatizo ni kwamba miguu iliyosimama saa nne darasani haina mazoezi ya maana usiku huo.

Ushauri wa bure kuhusu safari: silaha haziruhusiwi kabini, lakini barakoa, viatu, glavu na jaketi weka kwenye begi la mkononi. Upanga wa kuazima utaupata kwa mwenzako. Viatu vya saizi yako, ni bahati nasibu.

Naweza kusoma huku nacheza?

Unaweza, na mchezo huu una wasomi wengi kupita kawaida. Lee Kiefer wa Marekani alikuwa mwanafunzi wa udaktari alipotwaa dhahabu ya foili Tokyo, akarudia Paris. Nada Hafez wa Misri ni daktari na amecheza Olimpiki tatu. Sababu si kwamba vitara huongeza akili. Ni kwamba hakuna anayethubutu kuutegemea mchezo peke yake.

Mbona huyo Hafez alizungumzwa sana Paris?

Alishinda mpambano wake wa kwanza wa seba 15–13, akatolewa katika uliofuata, kisha akatangaza kwamba alikuwa na ujauzito wa miezi saba. Wanawake wameingia mchezo huu kwa vipande: foili mwaka 1924, epee mwaka 1996, na seba mwaka 2004 tu.

Ni mchezo wa hatari?

Kwa leo, mpira wa miguu utakuumiza zaidi. Lakini usalama huu ulinunuliwa kwa gharama. Mwaka 1982, kwenye ubingwa wa dunia mjini Roma, bapa la foili la Matthias Behr wa Ujerumani Magharibi lilivunjika, na kipande kilichobaki mkononi kikapenya barakoa ya Vladimir Smirnov, bingwa wa Olimpiki wa 1980, kupitia jichoni. Alifariki siku chache baadaye. Baada ya hapo barakoa zikaimarishwa, vitambaa vikabadilishwa, na mabapa yakaanza kutengenezwa kwa chuma maalumu kisichopasuka kwa urahisi.

Majeraha ya kawaida ni ya miguu: kifundo, goti, nyonga, misuli ya nyuma ya paja, kano ya kisigino. Na mwili hukua zaidi upande mmoja. Mtazame mchezaji wa miaka mingi akivaa kaptura. Paja la mguu wa mbele ni kama la mtu mwingine. Mazoezi ya kusawazisha pande mbili yanachosha na hayana raha. Anayeyaruka hulipa akiwa na miaka 28.

Watumiaji wa mkono wa kushoto wana faida?

Ndiyo. Ni wachache mtaani lakini wengi kwenye 16 bora, na wao wamezoea kupambana na wa kulia kuliko wa kulia walivyowazoea wao. Urefu nao husaidia, hasa epee, ila si sharti.

Naweza kubadili nchi ninayoiwakilisha?

Ukiwa na uraia, ndiyo. Mkataba wa Olimpiki unataka miaka mitatu ipite tangu uwakilishe nchi ya zamani, lakini muda huo unaweza kupunguzwa au kufutwa wahusika wakikubaliana. Ndolo alishinda fedha ya ubingwa wa dunia mjini Cairo mwaka 2022 akiwa na Ujerumani, nchi alikozaliwa, na mwaka huo huo akahamia Kenya, nchi ya baba yake. Fikiria kabla ya kuhama: unapata nafasi, lakini unaacha timu, wenzako wa mazoezi, na mara nyingi posho.

Marefa wanapendelea?

Malalamiko hayaishi kwenye foili na seba, kwa sababu refa anaeleza kitendo kilichochukua chini ya sekunde. Video imepunguza kelele. Mchezaji anaweza kuomba marudio, na akishinda rufaa haki yake ya kuomba tena inabaki. Kazi yako ni kucheza kitendo kinachosomeka. Shambulizi zuri ambalo refa hakuliona kama shambulizi ni pointi ya mpinzani. Jifunze pia maagizo ya Kifaransa, maana hayo ndiyo hutumika kwenye mashindano ya kimataifa.

Kupeana mikono ni lazima?

Ilikuwa lazima hadi 2023, pale Olga Kharlan wa Ukraine alipokataa mkono wa Mrusi Anna Smirnova kwenye ubingwa wa dunia mjini Milan, akanyoosha seba yake badala yake, na kutolewa kwa kadi nyeusi. Kelele zilipokuwa kubwa sheria ikalegezwa. Kharlan alipewa nafasi ya Olimpiki, na Paris akarudi na shaba ya mmoja mmoja na dhahabu ya timu.

Vipi kuhusu vipimo vya dawa zilizopigwa marufuku?

Ukiingia kwenye kundi la kupimwa, lazima utaje saa moja kila siku ambapo unapatikana, na mahali. Kukosekana au kukosea taarifa mara tatu ndani ya miezi 12 ni kosa kama kugundulika umetumia. Soma lebo ya kila dawa ya mafua.

Baada ya kustaafu?

Wengi huwa makocha, na soko lipo, kwa sababu kufundisha vitara bado ni somo la mtu na mtu: kocha mmoja, mwanafunzi mmoja, dakika 20, marudio mamia. Wengine huingia kwenye uongozi. Thomas Bach, aliyeongoza Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki kuanzia 2013 hadi 2025, alikuwa mshindi wa dhahabu ya timu ya foili ya Ujerumani Magharibi mwaka 1976. Vezzali alishika dhamana ya michezo katika serikali ya Italia.

Asiyetaka kuacha upanga ana ubingwa wa dunia wa veterani, wenye makundi ya miaka 50, 60, na 70 na kuendelea. Anayetaka kubaki karibu na pisti bila kupigwa anaweza kuwa refa wa kimataifa, lakini mtihani wake hutolewa kwa kila silaha peke yake, kwa hiyo bingwa wa epee akitaka kuchezesha seba anaanza kusoma upya.